Mlango wa Nyuma Uliouomba

Mpendwa Dada,

Nakuandikia nikiwa Pinga. Ni Jumapili, watu wametoka misa, na mvua imetukusanya kwenye baraza ya duka la Mnande mmoja anayeuza misumari, sabuni na chumvi. Motari wangu, dereva wa pikipiki, amekataa kabisa kuteremka leo. Anasema barabara imekuwa uji. Karatasi hii ni mgongo wa plani, mchoro wa jengo, sina nyingine, kwa hiyo ukiona mistari imepenya kutoka upande wa pili ujue ni vyoo. Najua ungenicheka. Wewe ndiye uliyesema kazi yangu ya arshitekte ni kuharibu karatasi kubwa mahali ambapo ndogo ingetosha.

Huu ni mwaka wa pili tangu uende, na sijakuandikia hata mstari. Wala sijamwambia Mama lile neno. Baada ya mazishi aliteremka Shasha kukaa kwa mdogo wake, na kila nikipita ananipikia bugali na samaki, ananiambia bado ana mtoto mmoja mwema, nami nakula. Neno lenyewe ni fupi: uliniomba mlango, na mimi sikukupa. Wewe hukumwambia ulipokuwa hai. Mimi nimenyamaza tangu ulipokufa. Nikifika Shasha, ama nitamwambia, ama nitakula tena samaki wake na kuondoka. Ndiyo sababu nimekaa hapa na kalamu mkononi tangu watu watoke kanisani.

Unaikumbuka nyumba yetu ya mbao kule milimani Masisi. Mlango wa mbele ulikuwa wa heshima, una bawaba za chuma na komeo, na Papa aliupaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye kazi ya watu. Wa nyuma ulikuwa vibao vitatu vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba, na ukitoka tu uko ndani ya migomba. Hakuna nyumba kwetu iliyokosa mlango huo. Mtu angeweza kukosa dirisha, angeweza kukosa hata sakafu, lakini mlango wa shambani ulikuwepo. Mama hakuruhusu kitu chochote kuwekwa mbele yake, hata kikapu cha viazi. Siku Papa alipoegemeza baiskeli pale, aligombezwa mpaka akaenda kulala kwa kaka yake, akarudi na nyama kuomba amani.

Nilikuwa na miaka mitano na wewe kumi na miwili tulipoutumia kweli. Ulinifunga mgongoni kwa kitenge cha Mama, ukaninong'oneza, "Kaka, funga kinywa, tunaenda kuiba ndizi." Nikaamini. Ulikimbia, ukaanguka, ukaamka, na mimi huko mgongoni nikawa najizuia kucheka, maana niliona ni mchezo mtamu sana kuiba ndizi za shamba letu wenyewe. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimekwisha anza shule ya ujenzi Goma, ndipo nilipotambua siku moja, katikati ya somo, kwamba hatukuiba ndizi yoyote. Nilicheka peke yangu, kisha nikatoka nje ya darasa.

Na huko shuleni, unajua walinifundisha nini? Kwamba kila tundu kwenye ukuta ni udhaifu. Kwamba jengo la umma liwe na mlango mmoja, ili mlinzi mmoja aone anayeingia na anayetoka. Nilichora zahanati ya mlango mmoja, mwalimu akaionyesha kwa darasa zima, nami nikavimba kichwa. Mtoto aliyepona kwa mlango wa nyuma alisifiwa kwa kuuondoa, na hakuona ajabu yoyote.

Wewe wakati huo ulikuwa umebaki kule kilimani, mzalishaji, katika chumba cha mbao chenye paa la manjanja, mabati yenye kutu, na mvua ikipiga juu ulilazimika kumpigia mama kelele asukume. Nilikuwa nikija likizo tunabishana. Wewe unasema unazalisha watu. Mimi nasema nazalisha nyumba. Unajibu kwamba wa kwako wakitoka wanalia wenyewe, wa kwangu wanawaliza wengine. Tulicheka. Sasa sicheki.

Watu wanadhani arshitekte anachora majumba. Miaka tisa nina biro Goma, ofisi ya meza mbili na mashine ya kuchapa inayokula karatasi, na nimechora vyoo, madarasa, maghala ya unga, na mahali pa kuweka kibao cha mfadhili. Kibao ndicho chenye vipimo vikali kuliko vyote. Wenye fedha wanakuja na picha kwenye simu, nyumba ya etaji, ya ghorofa, yenye nguzo nene mbele, wanasema nifanyie hii hii, na kiwanja chenyewe ni mawe ya volkano yaliyokaa upande. Mafundi wananiita Papa Arshi mbele yangu, na nikigeuka wanapanga ukuta walivyozoea. Siwalaumu. Ukuta wao haujaanguka.

Basi kazi ya shirika moja la wafadhili ilipokuja, maternite mpya, nyumba ya kujifungulia, kwetu, juu ya kilima chetu, nilidhani Mungu amenikumbuka. Nilipanda na plani mwenyewe nikuonyeshe. Ulikuwa umetoka kuzalisha, mikono yako inanuka dawa. Ulitandaza karatasi juu ya kitanda cha uzazi, ukaweka mkasi kwenye pembe moja na kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto kwenye pembe ya pili, ukainama. Hukuisifu. Uliniuliza mlango wa kuingilia una upana gani. Nikasema sentimita tisini. Ukaita wanaume wanne waliokuwa wameleta mgonjwa kwa tipoi, ile machela ya miti inayobebwa mabegani, ukaniamuru nilale juu yake. Nikalala, na suruali yangu ya mjini. Wakanibeba mpaka mlangoni, mti ukagonga nguzo, tipoi ikapinda, nikashika hewa. Wamama wote waliokuwa pale nje walicheka mpaka mmoja akashika tumbo akaomba tuache, atazaa kabla ya siku yake.

Ulisema, "Sasa umesikia vile wanasikiaka."

Nikaupanua mlango ule mpaka mita moja na nusu. Ndicho kitu bora nilichowahi kuchora, na kilitoka kwako.

Kisha ukauliza, "Na mulango ya nyuma iko wapi?"

Nikasema haupo bado, nitauweka. Nilichukua penseli pale pale, nikauchora, kutoka chumba cha uzazi moja kwa moja mpaka migombani. Ukautazama ukasema, "Ile njo ya lazima. Ingine yote unaweza kufuta." Ulisema hivyo. Sijasahau neno hata moja.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nimekuwa nikidanganya, hata ndani ya kichwa changu. Kwa miaka miwili nimejiambia kwamba ni mhandisi wa shirika aliyeufuta. Ni kweli alichukua kalamu nyekundu akaweka msalaba juu ya mlango wako. Milango miwili ni walinzi wawili, alisema, na dawa zitatoka kwa nyuma. Plani ya shirika ina mlango mmoja. Alisema kwa upole, akaniuliza kama nina neno. Alinipa nafasi, Dada. Na mimi nikasema hakuna shida.

Sikusema hivyo kwa woga. Nilisema hivyo kwa sababu niliupenda ukuta ule.

Ulikuwa mita kumi na moja za jiwe jeusi, bila tundu, umenyooka toka pembe mpaka pembe, na ukisimama chini barabarani ungeuona ukikata kilima kama mtu ameupiga rula. Nilikuwa nimeona mlango wako wa penseli ukiuharibu. Nilikuwa nimeshatafuta pa kuusogeza, sijapata. Yule mhandisi alipoweka msalaba nilisikia nafuu. Nafuu, ndilo neno, na nimetumia miaka miwili kutafuta jingine.

Wewe nilikwambia mlango utakuja awamu ya pili. Sisi wote tunajua awamu ya pili inakaa wapi.

Uliomba mara nyingine tena, kuta zilipokuwa zimefika kifuani. Ulipanda na blauzi yako nyeupe ya kazi, ukautembea ukuta wote wa nyuma huku mkono wako unapita juu ya jiwe, ukafika mwisho ukageuka.

"Ukuta muzuri, kaka. Sasa tutatokea wapi?"

Mafundi walicheka, nami nikacheka nao. Nilidhani unanitania, au nilijifanya nadhani hivyo. Ulishuka bila kuaga. Siku ya kufungua ulivaa kitenge kipya, ukacheza na wamama, ukanishika mkono mbele ya watu ukasema huyu ni arshitekte wangu. Mlango hukuutaja tena.

Siku uliyokufa sikuwepo. Ninayoyajua nimeyapata kwa yule mama aliyekuwa akikufulia mashuka, ambaye siku hiyo alikuwa nje. Alinisimulia mara moja, akaniomba nisimuulize tena. Ilikuwa asubuhi. Mlikuwa na wamama wanne ndani, mmoja yuko katika uchungu. Risasi zilisikika chini barabarani, kisha uani. Waliokuja ni watu wenye bunduki, na sitaandika ni akina nani, kwa sababu kila mwaka wana jina jingine. Walifika kwa mbele, kwa ule mlango mpana. Madirisha yalikuwa na vyuma. Nilivichora mimi pia, vyenye maua, vya kuzuia wezi.

Uliwasukumia wamama chumba cha ndani, kile kinachoegemea ukuta wa nyuma, ukaenda ukasimama mlangoni ukawaambia hapa kuna wazazi, hakuna kitu kingine. Mama wa mashuka anasema uliongea nao muda mrefu, kwa sauti ya kawaida, kama ulivyozoea kuongea na waume walevi wanaokuja kudai watoto. Ulikuwa unanunua dakika. Dakika zile, kama mlango ungekuwepo, zingetosha watu wanne, hata watano, na migomba iko pale pale, hatua kumi. Kisha walichoka kukusikiliza.

Ulikufa wewe, na yule aliyekuwa katika uchungu, na mtoto wake. Wale wamama watatu wengine walipona kwa sababu watu wale waliona dawa wakasahau mengine.

Wiki tatu baadaye shirika lilinituma niangalie uharibifu wa jengo. Nilikubali, maana ningekataa ningeulizwa kwa nini. Nilipima nyufa, hapakuwa na ufa. Nilihesabu manjanja. Kisha nikaingia chumba cha ndani. Kwenye ukuta wa nyuma, chini, kati ya jiwe na jiwe, nikaona mikwaruzo. Mtu alikuwa amechimba simenti kwa ncha ya mkasi. Alikuwa ameanza mahali pazuri, penye mshono mpana, kama mtu anayejua ujenzi. Alifika kina cha ukucha. Simenti yangu ilikuwa nzuri, Dada. Nilikuwa nimesimamia mchanganyiko ule mwenyewe, nikawafukuza mafundi wawili waliotaka kuongeza mchanga.

Nilikaa chini nikaweka kidole pale. Sijui kama ulikuwa wewe, kabla ya kwenda mlangoni, au mmoja wa wale wamama. Mkasi ulikuwa wako.

Katika ripoti niliandika kwamba kuta ziko imara. Kwenye matanga watu walinishika mkono wakaniambia angalau nyumba yako imesimama, umejenga vizuri. Mzee mmoja wa kanisa alisema hivyo mara tatu. Mama alikuwa amekaa kando, amefunga kichwa kitambaa, na yeye akatikisa kichwa kukubali, ndiyo, mtoto wangu amejenga vizuri. Ilikuwa saa ya kusema. Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa uone maisha yalivyo. Kwa kuwa jengo lile lilisimama, mwaka huu wamenipa tena kazi ile ile. Plani ile ile, kwa kijiji kimoja ndani ya msitu, nusu siku kwa pikipiki kutoka hapa Pinga. Safari hii niliweka mlango wa nyuma kwanza, kabla hata ya kuta. Mhandisi, mwingine sasa, kijana mwenye adabu, akauwekea msalaba. Nikamwambia kuna watu walikufa katika plani hii. Niliona imemwingia. Kisha akanieleza bila ubaya kwamba plani ikibadilika inarudi kuanza njia upya, na msimu huu ukipita fungu linahamia kwingine. Wamama wa kule wanabebwa kwa tipoi siku nzima kutafuta mzalishaji, na wengine hawafiki. Akaniuliza ningependa nini: maternite ya mlango mmoja, au hakuna?

Nilisaini, Dada. Usinitazame hivyo.

Nilisaini saa nne asubuhi, na saa sita nilikuwa juu ya pikipiki, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Kapita, msimamizi wa mafundi kule, ni Papa Muhindo, Mnande kutoka upande wa Butembo, mwashi wa umri wa Papa wetu, mtu wa misa kila Jumapili, na kichwa chake ni kigumu kuliko matofali anayochoma. Nilimpeleka nyuma ya jengo. Nikampimia kipande cha ukuta, upana wa mita moja, urefu wa mtu. Nikamwambia hapa juu utaweka boriti ya mti mgumu. Chini ya boriti utapanga matofali kama kawaida, lakini kwa udongo mtupu. Simenti usitie hata kijiko. Halafu tunapiga lipu ya udongo na chokaa, kama ukuta wote, na manjanja tutayarefusha upande huu ili mvua isiufikie. Anayepita asione kitu. Anayejua akipiga teke, uanguke.

Aliniangalia kama nimemtukana. Alisema miaka arobaini hajawahi kupanga ukuta wa kuanguka, na hataanza uzeeni kwa ajili ya mtoto wa mjini. Shirika likija kugonga likasikia, jina litakaloharibika ni la nani? Nikamwambia ni langu, na ni kweli, watanifuta kwenye orodha ya maarshitekte siku hiyo hiyo. Akasema hapana. Akaenda kunawa mikono.

Nikamfuata nikamsimulia. Lakini sikiliza nilivyosimulia. Nilisema kuna maternite mahali fulani Masisi, na mzalishaji aliomba mlango wa nyuma, na arshitekte mmoja akaufuta kwa sababu ukuta wake ulikuwa mzuri. Nikamweleza habari ya mkasi. Arshitekte mmoja, nilisema. Papa Muhindo alikausha mikono polepole kwenye suruali.

"Ule muntu analalaka namna gani?" akauliza.

Nikasema sijui.

Siku iliyofuata aliwatuma wasaidizi wake wote mtoni kuchota mchanga ambao hatukuuhitaji, akavua shati, akapanga kipande kile mwenyewe. Mstari kwa mstari, amenyoosha kamba, anapima kwa nivo, ile pima-maji, kama ukuta wa kanisa. Nilimkandia udongo.

Juzi, kabla ya lipu, tulimwita mzalishaji wa kijiji aujaribu. Anaitwa Mama Riziki, mwanamke mfupi, mnene, mkali, wa msituni kabisa, na ana mkono mzito kama wako. Nilimwonyesha mahali. Nilimwambia hii ni siri yake, na ya atakayemfuata kazini, na si ya mtu mwingine. Hakuuliza ni ya nini. Watu wa huku hawaulizi mlango wa nyuma ni wa nini. Alikunja kitenge, akapiga teke la kwanza, ukuta ukatikisika. La pili, udongo ukamwagika. La tatu, matofali yakaenda nje yote pamoja, na mwanga ukaingia, na migomba ikaonekana, karibu, majani yake yanatiririka maji. Alitoka nje kwa lile tundu, akageuka, akaingia tena kwa lile tundu. Akafanya hivyo mara mbili. Papa Muhindo alikuwa anafuta macho na kusema ni vumbi, na kweli vumbi lilikuwepo.

Mama Riziki akaniuliza nani alinifundisha jambo hili, kwa sababu maarshitekte aliowaona yeye hawana akili hii. Nikasema ni dada yangu, naye alikuwa mzalishaji. Alifurahi. Aliniambia dada huyo ana bahati kuwa na kaka anayemsikia.

Kisha akauliza, "Ya kwake njo uliweka ya kwanza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Papa Muhindo alikuwa pale, hajui kitu. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi, na kila mtu angeenda kula akiwa na furaha.

Nikasema hapana. Nikasema yule arshitekte wa Masisi ni mimi. Wa kwake niliufuta.

Papa Muhindo aliinama akaanza kuokota matofali, moja moja, akiyapanga kando, na hakuniinulia uso. Mama Riziki alinigeukia. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Aliomba?" akauliza.

"Aliomba mara mbili."

Akafunga kitenge chake vizuri, akatazama lile tundu na migomba nyuma yake.

"Mimi sikuomba," akasema.

Akaondoka kurudi kwa wagonjwa wake. Tuliujenga ukuta tena jioni ile, Papa Muhindo akipanga, mimi nikikanda udongo, na lipu itapigwa Jumanne nikiwa sipo.

Mvua imepungua. Motari anasema kesho alfajiri tutajaribu, na kama pikipiki itakubali, kesho kutwa niko Shasha kwa Mama. Nitamwambia kabla hajaweka chakula. Sijui atafanya nini, na sitamwomba kitu. Pumzika, Dada.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni.